Yerevan inang'aa, ila ngazi ni zilezile
Ukiona picha za Yerevan, jiji kuu la Armenia, utasema hawa wamefika. Northern Avenue, iliyofunguliwa 2007 baada ya nyumba za zamani kubomolewa, ni maghorofa na maduka ya bei. Mabasi mapya ya sakafu ya chini yamechukua nafasi ya marshrutka nyingi, yaani matatu zao. Poa.

Sasa hebu keti kwenye kiti cha magurudumu. Kuvuka barabara nyingi kubwa ni kushuka ngazi hadi njia ya chini, kisha upande zingine. Kwingine wamelaza vyuma viwili juu ya ngazi, eti njia ya magurudumu. Mteremko huo, jaribu wewe kwanza! Hilo basi jipya utalifikiaje? Wangeanza na ngazi, maghorofa yangoje.