Stima tunataka, lakini samaki wa Tana wale nini?

Vijana wenzangu, ukiwasha stima leo, mkumbuke kambare wa Mto Tana. Mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, yanatuangazia nyumba. Lakini mafuriko ya msimu ndiyo sahani ya samaki: maji yakifunika nyanda za chini, kambare na tilapia huingia nyasini kula wadudu na kutaga mayai. Sasa mafuriko hayo yamepungua, na tope lenye rutuba linabaki Masinga.

Sisemi tubomoe mabwawa, la hasha! Ila kabla ya kujenga lingine pale High Grand Falls, wahandisi wapange kufungulia maji kwa kipimo kila msimu. Mvuvi Mpokomo naye si Mkenya, jameni?