Dawa Angani, Mgonjwa Majini

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu ndege zisizo na rubani nimeisoma kwa raghba, ila mimi mkazi wa Kisesa nimestaajabu kuona maajabu yote umeyaweka Ulaya na Marekani, ilhali mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, ndege ndogo isiyo na rubani ya DHL na Wingcopter, wakishirikiana na shirika la Kijerumani la GIZ, ilifanyiwa majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, masafa ya kilomita 60 juu ya ziwa, ikafika na shehena yake ya dawa kwa dakika 40, safari ambayo kwa nchi kavu ni kilomita 240 na takriban saa sita. Ilipaa wima mithili ya helikopta, kisha ikainamisha rafadha zake na kushika njia kama ndege ya kawaida, nayo iliweza kurejea na sampuli za damu kwa ajili ya maabara.

Walakini mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika wilaya hiyo hiyo ya Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 200. Dawa imepata njia ya angani, na mgonjwa, maskini, angali akisongamana kivukoni! Siikatai elimu mpya, hasha. Lakini tafadhali, katika makala ijayo, utueleze ni nani atakayelipia safari hizo za angani wafadhili wakishakunja jamvi lao.