Nishani Isiyoandikwa: Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

Kila askari anayemaliza utumishi katika majeshi ya Marekani huondoka na hati iitwayo DD 214, iliyoanza kutumika mwaka 1950. Humo mna cheo chake, tarehe za kuingia na kutoka, namna alivyoachishwa na, katika kisanduku cha 13 cha fomu ya sasa, orodha ya nishani, medali, beji na tepe zote alizopata. Hati hiyo huombwa hospitalini, benki, kwenye ajira za serikali, na siku ya mazishi huulizwa makaburini. Nishani isiyotajwa humo haihesabiki, hata kama askari anaishika mkononi na kovu analo mwilini.

Mjadala wa kusahihisha kumbukumbu hizi unarudi kwenye swali moja: ofisi ya jeshi ikikosea kuandika, au ikipoteza karatasi, nani alazimike kuthibitisha? Kwa utaratibu uliopo, ni mstaafu mwenyewe, au mjane na watoto wake akishafariki. Kwa nishani za ushujaa utaratibu huo una sababu za msingi. Kwa nishani nyingine hauna, na umewanyima watu wengi kilicho haki yao.

Makosa mengi huanzia mezani kwa karani. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, wanajeshi kwa mamilioni walirudishwa nyumbani katika muda mfupi, na fomu zao zikapigwa taipu harakaharaka kwenye vituo vya kuwaachishia. Fomu ya jeshi la nchi kavu ya wakati huo ilikuwa na kisanduku cha 33 cha nishani na cha 34 cha majeraha ya vitani. Askari aliyetibiwa kipande cha bomu ndani ya hema karibu na mstari wa mbele, akafungwa bendeji na kurudi kwenye platuni yake siku ileile, angeweza kufika mbele ya karani bila karatasi yoyote ya matibabu. Karani aliandika kwamba hakuna jeraha, askari akatia saini bila kusoma, kwa kuwa treni ya kwenda kwao ilikuwa inasubiri.

Nishani nyingine hutolewa baada ya mhusika kuondoka. Mwaka 1947 Wizara ya Vita iliamua kwamba mtu aliyepata beji ya mpiganaji wa miguu au ya tabibu wa vita katika Vita Kuu ya Pili anastahili pia Bronze Star. Wengi wa waliohusika walikuwa wamesharejea mashambani na viwandani, na hakuna aliyewaandikia barua. Ilikuwa lazima mtu aombe, na ili aombe ilikuwa lazima ajue. Nchini Vietnam hali haikuwa tofauti sana: askari walizungushwa mmoja mmoja kwa zamu ya takriban mwaka, na amri ya kumpa mtu nishani ingeweza kutolewa makao makuu ya divisheni wakati mwenyewe ameshapanda ndege. Kuna pia tuzo za kikosi kizima, ambazo huamuliwa hata miaka mingi baadaye na kumgusa kila aliyekuwemo.

Kisha ukaja moto. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 12 Julai 1973, ghorofa ya sita ya kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi, karibu na St. Louis huko Missouri, iliwaka. Ghala hilo la karatasi halikuwa na mfumo wa kumwaga maji wakati wa moto, na ilichukua zaidi ya siku nne kuuzima kabisa. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea: takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na takriban asilimia 75 ya sehemu ya mafaili ya jeshi la anga ya miaka ya 1947 hadi 1964. Hayakuwa na nakala. Faharasa haikuwepo pia, kwa hiyo hata kuorodhesha kilichopotea hakukuwezekana. Mafaili yapatayo milioni 6.5 yaliokolewa yakiwa yamelowa na kuungua kingo, na mengine yalikaushwa ndani ya chemba ya ombwe ya kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas kilichokuwa jirani. Watunza kumbukumbu wamefanya kazi kubwa tangu hapo ya kujenga upya historia za watu kwa kutumia hati za malipo ya mwisho, ripoti za kila asubuhi za kombania, na kadi za kulazwa hospitalini zilizotunzwa na ofisi ya mganga mkuu wa jeshi.

Njia ya kusahihisha ipo kisheria. Kabla ya mwaka 1946, aliyetaka kumbukumbu yake irekebishwe ilibidi amshawishi mbunge apeleke muswada binafsi wenye jina lake. Kongresi ilichoshwa na miswada hiyo, ikaipiga marufuku, na badala yake zikaundwa bodi za raia katika kila wizara ya kijeshi zenye mamlaka ya kurekebisha kosa au kuondoa dhuluma. Mwombaji hujaza fomu DD 149 ndani ya miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Akishinda, hupewa fomu DD 215, yaani nyongeza inayosahihisha ile ya kwanza. Kosa dogo la wazi linaweza kurekebishwa na ofisi ya kumbukumbu bila kufika kwenye bodi. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yamalizike ndani ya miezi 10, na lisiwepo linalovuka miezi 18.

Ugumu uko kwenye kanuni ambayo bodi huanza nayo: kwamba shughuli za ofisi zilifanyika ipasavyo mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Mahali ambapo faili lipo, kanuni hiyo inaeleweka. Mahali ambapo faili liliungua katika jengo la serikali, maana yake ni kwamba mstaafu anatakiwa kutoa karatasi ambayo serikali yenyewe iliiacha iungue. Hapo ndipo aina za nishani zinapopaswa kutenganishwa, jambo ambalo mjadala wa hadharani hulisahau mara nyingi.

Aina ya kwanza ni medali za utumishi na za kampeni. Hizi hazimsifu mtu kwa tendo. Humtambua kwa kuwa mahali fulani katika kipindi fulani. Jeshi linajua kikosi kipi kilikuwa wapi na lini. Akishathibitika kuwa alikuwa katika kikosi hicho, hakuna la kupima, na kumtaka mzee wa miaka 80 akusanye ushahidi wa jambo ambalo karani anaweza kulisoma katika historia ya kikosi ni kumsumbua bure.

Aina ya pili ni Purple Heart, inayotolewa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Hii nayo haitegemei hisani ya kamanda: vigezo vikitimia, ni haki. Jeshi la nchi kavu hudai mambo matatu: jeraha lililosababishwa na adui, lililohitaji matibabu ya mtaalamu wa afya, na matibabu hayo yawe yameandikwa katika kumbukumbu rasmi. Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Na nishani hii ina uzito wa maisha, kwa kuwa mwenye nayo hupangwa angalau katika kundi la tatu la kipaumbele katika huduma za afya za wastaafu, hasomi kwa posho pungufu chini ya sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2017, na anaweza kuzikwa ardhini katika makaburi ya Arlington.

Hapa kuna mgongano ambao ni vigumu kuutetea. Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, inayolipa fidia za ulemavu, inabanwa na sheria kumpa mdai manufaa ya shaka pale ushahidi wa pande mbili unapolingana. Kwa jeraha la vitani, inatakiwa hata kupokea maelezo ya askari mwenyewe ikiwa yanaafikiana na mazingira ya mapigano, ingawa hakuna hati rasmi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kulipwa kila mwezi kwa kipande cha chuma alichopigwa vitani, huku wizara ya jeshi ikimjibu kwamba haina uthibitisho wa yeye kujeruhiwa na kwamba uamuzi wa idara nyingine hauifungi. Serikali ni moja, jeraha ni lilelile. Kipimo cha ushahidi cha idara ya wastaafu kingefaa kitumike pia katika wizara ya jeshi, angalau kwa wale ambao kituo cha St. Louis kinathibitisha kuwa mafaili yao yaliungua.

Tatizo halikuishia kwenye karatasi za zamani. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Iran yalipiga kambi ya Al Asad nchini Iraq. Hakufa Mmarekani yeyote, lakini zaidi ya 100 waligundulika kuwa na jeraha la ubongo lililotokana na mshindo. Purple Heart zilizotolewa mwanzoni zilikuwa chache, na ilipofika Desemba 2021, baada ya waandishi wa habari kuuliza na kesi kupitiwa upya, jeshi la nchi kavu liliidhinisha nyingine 39. Jeraha lisiloonekana kwa macho hutegemea zaidi maandishi ya daktari kuliko lile linalotoka damu, na daktari asipoandika siku hizo za kwanza, pengo huanzia hapo.

Aina ya tatu ni nishani za ushujaa: Bronze Star yenye alama ya ushujaa, Silver Star, msalaba wa utumishi uliotukuka na, juu ya zote, Medal of Honor. Hizi huhitaji pendekezo, mashahidi na uamuzi wa makamanda. Wanaotaka masharti makali hapa wana hoja nzito. Kumbukumbu za binadamu hubadilika katika nusu karne, upendo wa familia hukuza mambo, na waongo wapo. Kongresi ilitunga sheria dhidi ya wanaojitangazia nishani mwaka 2006, Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2012 katika kesi ya Alvarez kwa sababu ya uhuru wa kusema, na mwaka uliofuata ikatungwa nyingine inayomlenga anayedanganya ili kujipatia manufaa. Nishani inayotolewa kiholela huwapunguzia heshima wale walioipata kwa jasho na damu.

Hata hivyo, rekodi yenyewe ya majeshi haikuwa safi. Zaidi ya Wamarekani weusi milioni moja walitumikia katika Vita Kuu ya Pili, na wakati huo hakuna hata mmoja aliyepewa Medal of Honor. Baada ya utafiti ulioagizwa na jeshi kwa Chuo Kikuu cha Shaw, saba walipewa Januari 1997. Aliyekuwa hai kupokea mwenyewe ni Vernon Baker peke yake. Wenye asili ya Asia 22 walifuata mwaka 2000, kisha wengine 24, wengi wao Walatino na Wayahudi, mwaka 2014. Kapteni Paris Davis aliongoza wapiganaji kule Bong Son mwezi Juni 1965. Pendekezo lake lilipotea, likaandikwa jingine, nalo likapotea, mpaka akavishwa nishani mwezi Machi 2023. Waverly Woodson, tabibu mweusi aliyehudumia majeruhi ufukweni Omaha mwaka 1944 akiwa amejeruhiwa mwenyewe, faili lake liliungua mwaka 1973. Msalaba wa utumishi uliotukuka ulitangazwa mwaka 2024, miaka 19 baada ya kifo chake.

Kesi ya Luteni Garlin Conner inaonyesha jinsi mzigo huo unavyobebwa. Tarehe 24 Januari 1945, karibu na Houssen mashariki mwa Ufaransa, alivuta waya wa simu hadi mbele ya mstari wa wenzake, akalala katika mtaro wa kina kifupi na kuelekeza mizinga kwa saa tatu, mpaka akaomba ipigwe alipo yeye mwenyewe. Kazi ya kutafuta nishani ya juu zaidi ilianzishwa na askari mstaafu wa Wisconsin aliyekuwa akitafuta habari za mjomba wake aliyekufa vitani. Bodi ilikataa mwaka 1997, na Conner akafa mwaka uliofuata. Viapo vya mashahidi watatu vilipatikana baadaye, lakini mwaka 2014 jaji wa shirikisho aliona mjane amechelewa. Baada ya rufaa na mapatano, bodi ilikubali mwaka 2015, na Pauline Conner akapokea nishani ya mumewe Juni 2018. Ushahidi ulikuwepo muda wote, katika nyaraka za taifa na vichwani mwa watu waliokuwa hai. Hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kuutafuta.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa taasisi iliyokubali wajibu huo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, wapagazi wa Carrier Corps wakiwamo. Tume iliomba radhi, ikaanza yenyewe kutafuta majina katika nyaraka. Haikuwaambia wajukuu walete vyeti.

Suala hili linawagusa pia Wakenya na wenzao waliojiunga na jeshi la Marekani, baadhi kupitia mpango wa mwaka 2009 wa wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtu mwenye majina matatu, ambaye la mwisho ni la baba huku na la babu kule, akiandikwa tofauti katika amri ya nishani na katika faili lake, karatasi hizo mbili haziwezi kukutana zenyewe. Inafaa kila mmoja asome kisanduku cha 13 kabla ya kutia saini, na atunze nakala za amri zote.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Medali za utumishi na tuzo za vikosi zingejazwa na ofisi ya kumbukumbu yenyewe kila faili linapofunguliwa kwa sababu yoyote, bila ombi. Kwa Purple Heart, bodi ingepewa wajibu wa kutafuta kwanza katika ripoti za asubuhi, kadi za hospitali na mafaili ya fidia, na faili likithibitika kuungua, maelezo yanayoafikiana na mahali kilipokuwa kikosi yangetosha mpaka jeshi lionyeshe kinyume. Kwa nishani za ushujaa, kipimo cha tendo kingebaki palepale kilipo, ila kuchelewa kusiwe sababu ya kukataa pale pendekezo lilipopotelea mikononi mwa jeshi. Vita vya Vietnam vilimalizika mwaka 1975, na hata askari mdogo kabisa wa vita hivyo sasa ana umri wa karibu miaka 70. Miezi 18 ya kusubiri jibu, ikifuatiwa na rufaa, ni muda ambao mashahidi wengi wa kizazi hicho hawana.