Delcat Idengo: wimbo unaobaki katika simu

Masisi na Walikale, vijiji vingi havina rezo, na mega ni bei. Wimbo unatembea kwa mkono: karte memwari, Bluetooth, fasi ya kuchaji simu. Vijana wanaulizana tu: « Uko nasikiliza nini? »

Nyimbo za Delcat Idengo zina uzito wao. Muziki wa Kilingala toka Kinshasa watu wanaucheza. Yeye aliimba Kiswahili, na mzee asiyejua Kilingala anashika kila neno. Serkali ilimufunga zaidi ya mara moja kwa nyimbo zake. Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025, alitoka gerezani Munzenze, akaimba kupinga M23. Tarehe 13 Februari alipigwa risasi mjini humo, akafa.

Basi Delcat hakuwa wa upande mumoja, na wengi wanamupendea hilo: alisema yale watu wanasema ndani ya nyumba. Lakini mwenye kupekua simu kwenye bariere haulizi sababu. Jina tu linaweza kutosha. Mbele ya kumutumia mwenzako wimbo, umuulize kwanza anaenda njia gani.