Muuguzi asingoje jeneza ndipo apewe haki yake

Chanda chema huvikwa pete. Ndivyo walivyonena wahenga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba pete hiyo ingoje mpaka chanda kipoe. Nasi ndivyo tufanyavyo kila tunapomzika muuguzi.

Msomaji anayeishi Kahawa Wendani anaijua vyema hali hii. Muuguzi wa mtaa huu ulio kando ya barabara ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, anapofariki, wanajumuiya hukusanyika nyumbani kwake jioni kusali rozari. Akina mama Wakatoliki hufika wakiwa na sare zao, na mchango wa mazishi hupitishwa. Siku ya misa wasifu husomwa: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akajaliwa watoto, akahudhuria ibada bila kukosa. Mwishowe husemwa kwamba kazi yake ilikuwa wito. Waombolezaji hutikisa vichwa kukubali, na kaburi likishafukiwa, kila mtu hushika njia yake.

Hatuna ugomvi na neno wito. Tunachokipinga ni kulifanya neno hilo kuwa pazia la kufichia deni ambalo taifa linadaiwa na wauguzi wake.

Nchi yetu ina mfano bora wa muuguzi aliyeitika wito kikamilifu. Mtawa Irene Stefani, wa shirika la Wamisionari wa Consolata, alizaliwa Italia mwaka wa 1891, akafika Kenya mwanzoni mwa 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha kuzuka, naye akapelekwa kuwauguza wapagazi wa jeshi la Waingereza katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Hao ndio ambao kumbukumbu yao ingaliko katika majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Mwaka wa 1920 mtawa huyo alihamia Gikondi, Nyeri, akakaa huko miaka kumi. Alifundisha, akapanda na kushuka vilima kwa miguu akiwatembelea wagonjwa, na akawaandikia barua wazazi ambao wana wao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi. Wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Mwezi wa Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni. Maradhi yakamwambukiza, naye akafariki tarehe 31 ya mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 39. Takriban miaka 85 baadaye, tarehe 23 Mei 2015, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri. Jina lake halikuwa limepotea, kwa kuwa wanakijiji wa kawaida walilihifadhi, wazee wakiwasimulia vijana yale aliyowatendea.

Tumheshimu Nyaatha, lakini tusimfanye fimbo ya kuwachapia walio hai. Nyaatha hakulipa kodi ya nyumba, wala hakuwa na mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Shirika lake lilimtunza. Muuguzi ambaye pia ni mzazi hana kinga hiyo. Hutoka zamu ya usiku, akapanda matatu alfajiri, akafika nyumbani kuwatayarishia watoto kiamshakinywa, kisha akalala saa chache kabla ya kurudi wodini. Jumapili humbidi achague baina ya usingizi na misa, naye akachagua misa. Mama mwenye nyumba hapokei sifa badala ya kodi, wala mhasibu wa shule hapokei shukrani badala ya karo.

Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai mkataba wa malipo utekelezwe. Wagonjwa maskini waliteseka mno, na mateso hayo hatuyapuuzi. Hata hivyo, kulikuwa na sauti nyingi zilizowalaumu wauguzi kwa kuusaliti wito, na chache zilizouliza kwa nini mashauriano yaliachwa yakokote muda wote huo. Janga la korona lilipoingia nchini mwaka wa 2020, wauguzi wale wale waliitwa mashujaa. Mwaka uliofuata Kenya ikatia sahihi mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wahudumu wa afya. Anayeondoka hatumlaumu. Lakini taifa linalowasifu wauguzi wake huku likiwasindikiza uwanja wa ndege halina budi kujiuliza maswali.

Twaziomba serikali za kaunti ziwalipe wauguzi kwa wakati, ziwapandishe vyeo wanaostahili, na ziajiri wa kutosha ili mmoja asibebe mzigo wa watatu. Makanisa nayo yasingoje wasifu wa mazishi. Padri na wanajumuiya wawaulize wauguzi walio miongoni mwao hali zao wangali wazima.

Kwenu walimu na wanafunzi wa Wendani, Ruiru na Thika, tuna ombi mahususi. Tarehe 12 Mei kila mwaka ni Siku ya Wauguzi Duniani. Badala ya insha ile ile ya kukariri, mwanafunzi amwendee muuguzi wa mtaani kwake, amwombe ruhusa, kisha amwulize: alianza kazi lini, usiku gani ulikuwa mgumu kuliko yote, watoto walilelewa na nani alipokuwa zamuni, na ni jambo gani lingemwezesha kuhudumu vyema zaidi. Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa katika maktaba ya shule. Watu wa Gikondi walitunza habari za Nyaatha vinywani mwao kwa miongo minane. Nyinyi mna kalamu na karatasi.

Na baadhi yenu, baada ya kuyasikia majibu hayo, mtatamani kuwa wauguzi. Ni juu yetu watu wazima kuhakikisha kwamba mkifika wodini mtakuta mshahara wa kumlea mtoto, ili siku ya kusomwa wasifu wenu, neno wito litamkwe bila yeyote kuona haya.