GAVANA WALLACE NA BEI YA KURA

Wako watu, na baadhi yao ni marafiki zetu wa barazani, wamtajao George Wallace wa jimbo la Alabama kuwa ni kiongozi aliyekosa akatubu, na kwa hivyo astahiki kusifiwa. Husema: mavi ya kale hayanuki. Sisi twasema yanuka, na twaomba wanachama watuwie radhi kwa kuyachokoa. Tena hatuanzi na maovu yake. Twaanza na wema wake, maana humo ndimo ulimo ubaya wenyewe.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1919 katika mji mdogo wa Clio, wilaya ya Barbour. Alipoingia katika Baraza la jimbo lake mwaka 1947 alihesabiwa miongoni mwa wapole. Mwaka 1948, wajumbe wengi wa kusini walipotoka kwa hasira katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic kwa sababu ya haki za watu weusi, yeye alibaki kitini. Aliomba kwa kinywa chake awe mmoja wa wadhamini wa Tuskegee, chuo cha watu weusi. Na alipokuwa hakimu, wakili mweusi J. L. Chestnut alishuhudia kwamba Wallace ndiye hakimu wa kwanza aliyemwita "Bwana" ndani ya korti. Basi ni nani atakayetwambia kuwa mtu huyu hakujua? Alijua. Mjinga hufundishwa; ajuaye na akatenda kinyume, jina lake ni mkhaini.

Mwaka 1958 aligombea ugavana. Mshindani wake, John Patterson, akaungwa mkono na Ku Klux Klan, na Wallace akaungwa mkono na NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi. Wallace akashindwa. Yasimuliwa na waliokuwa karibu naye kwamba usiku ule aliapa kuwa hatashindwa tena na mtu yeyote kwa ubaguzi. Hapa, ndugu zetu, tusimame kidogo. Sisi ni watu wa duka. Mwenye duka akiona mchele hauondoki hununua unga, wala hapana wa kumlaumu. Lakini alivyoviweka Bwana Wallace juu ya meza yake havikuwa mchele wala unga. Vilikuwa shingo za watu.

Tazameni alivyoanza biashara hiyo. Tume ya Haki za Raia ya Serikali ya Washington ilitaka kuyaona madaftari ya wapiga kura wa wilaya yake, ijue kwa nini watu weusi hawaandikishwi. Wallace akapiga kelele kuwa hayatoi, heri afungwe. Kisha kwa siri akayakabidhi kwa baraza la wachunguzi wa korti, na kwa njia hiyo Tume ikayaona. Mwaka 1959 akapelekwa mbele ya Jaji Frank Johnson, ambaye walisoma sheria pamoja. Jaji akamwachilia, akieleza waziwazi kwamba madaftari yalikwisha kutolewa. Mtu mwingine angeshukuru. Wallace alikasirika! Mwaka 1962 alizunguka jimbo zima akijisifu kwamba aliikaidi Serikali, na akimwita jaji yule mwongo. Watu wakampa ugavana.

Tarehe 14 Januari 1963 alikula kiapo, akatangaza ubaguzi leo, ubaguzi kesho, ubaguzi milele. Maneno hayo aliandikiwa na Asa Carter, mtu wa Klan. Hata chuki yenyewe ilikuwa ya kuazima. Tarehe 11 Juni akasimama katika mlango wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, mbele ya kamera za televisheni, kuwazuia vijana wawili weusi, Vivian Malone na James Hood. Rais Kennedy akawatia askari wa jimbo chini ya amri yake, na siku ile ile Wallace akapisha. Mchezo ulikuwa umekwisha. Lakini waliousikiliza hawakujua kuwa ni mchezo. Tarehe 15 Septemba bomu liliripuka katika kanisa moja mjini Birmingham, likaua wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11. Hatusemi kwamba Wallace aliliweka. Twasema alichochea moto, na moto hauulizi nani aliutaka kwa ajili ya kura tu. Tarehe 7 Machi 1965 askari wake waliwapiga kwa marungu na mabomu ya moshi, darajani Selma, watu wasiotaka ila kuandikishwa kupiga kura.

Tutaambiwa kwamba alijenga vyuo vya ufundi na kuwapa watoto wa shule vitabu bure. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sheria ilipomkataza kushika ugavana mfululizo alimsimamisha mkewe, Lurleen, aliyekuwa tayari ameugua saratani. Alichaguliwa mwaka 1966, akafa mwaka 1968 akiwa kazini. Mwaka ule ule mumewe aligombea urais wa Marekani, akapata majimbo matano. Mwaka 1972 alipigwa risasi akapooza miguu. Hatuna furaha katika jambo hilo.

Sasa toba. Mwaka 1979 aliingia katika kanisa la watu weusi mjini Montgomery akaomba msamaha. Mwaka 1982 aligombea ugavana mara nyingine, akashinda kwa kura za watu weusi. Je, sheria ya mwaka 1965 isingaliwapa watu wale kura, kanisa lile angaliingia? Twauliza tu. Na kwa insafu twaongeza: mwaka 1996, alipokuwa mgonjwa asiyetaka tena cheo chochote, alikutana na Vivian Malone akamwomba radhi, naye akamsamehe. Hapo hapakuwa na kura. Huenda hiyo ndiyo toba. Lakini msamaha ule ulikuwa mali ya bibi yule. Sisi na wenzetu wa barazani hatuna fungu ndani yake hata tuugawe.

Limebaki neno moja, nalo ndilo wanalolipenda zaidi: ati wazungu wote wa Alabama wa zama zile walikuwa hivyo. Jaji Frank Johnson alikuwa mzungu wa Alabama. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa majaji waliobatilisha ubaguzi katika mabasi ya Montgomery. Mwaka 1965 aliruhusu maandamano ya kutoka Selma, na Wallace akiyapinga. Msalaba ulichomwa moto uwanjani kwake, na mwaka 1967 nyumba ya mama yake ilipigwa bomu. Alikufa mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Wallace. Watakapomtaja tena Wallace barazani, na wamtaje na huyu.