Mwezeshaji Mwenye Fimbo?

Watanzania wenzangu, mlioko nyumbani na ughaibuni, tuache kudanganyana. Tangu mtaala wa 2005 tunaimba kwamba mwalimu ni mwezeshaji, si mtu wa kumimina maarifa vichwani. Wazo zuri. Mmarekani Carl Rogers alilitetea katika kitabu chake cha 1969: mwanafunzi hujifunza akiaminiwa, akiheshimiwa na akiwa huru kuuliza. Sasa niambieni, uhuru gani huo wakati kanuni zetu za 2002 zinaruhusu viboko hadi vinne? Mtoto anayeogopa kukosea atauliza nini? Wala tusimtwishe mwalimu lawama zote. Naye kabanwa na mitihani ya kukariri na darasa lililofurika. Serikali ifute viboko kwanza, ndipo ituimbie uwezeshaji. Nawasilisha.